Chupa ya Maji ya Bahari

Jumatatu, 9 Februari
Nimepiga pasi mashati yake yote tena, hata yasiyo na mikunjo. Fidèle wangu yuko Beira, Msumbiji, na lori la shaba, kwenye foleni ya bandari. Wiki tatu za ndoa. Bado wakiniita Madame Fidèle kanisani nacheka peke yangu. Nampenda mno.
Amepiga simu. Nimemkumbusha zawadi yangu: chupa ya maji ya bahari. Maji makubwa ninayoyajua ni ziwa la Karavia tu. Amecheka. "Benzako banalomba bitenge, weye unalomba maji ya chumvi?"

Jumanne, 10 Februari
Redio: dhoruba inapita karibu na pwani ya Msumbiji. Inapita tu. Hapa kwetu Katuba, mbali na bahari, jua kali, nguo zimekauka upesi. Fidèle anasema mawimbi yanaruka ukuta, bandari imefungwa. Nimefurahi. Atalala usingizi, mpenzi wangu.

Jumatano, 11 Februari
Simu haipiti. Nimepiga mara ishirini.

Alhamisi, 12 Februari
Papa Ilunga amepiga, dereva aliye nyuma yake kwenye foleni. Anayetoka humwachia wa nyuma ufunguo, lori lisogezwe. Jana asubuhi Fidèle alimwachia wake. Mvua ilikuwa imekatika, mbingu safi. Alishika chupa, akaelekea baharini.
"Alisema anarudia sasa hivi. Foleni ilitembea mara mbili, mama. Nilisogeza lori yake mara mbili."
Kwetu mvua ikikatika, imekwisha. Hakujua bahari hubaki na hasira hata dhoruba ikishapita. Mimi pia sikujua.

Jumamosi, 14 Februari
Wavuvi wamepata kandambili yake moja. Ya kushoto.
Mama mkwe amekuja na mikeka. Wamefunga turubai uani. Kilio bila maiti. Wananiambia nivue viatu, nikae chini kama mjane. Nimekataa. Nimekaa kwenye kiti, na viatu vya harusi.
"Shuka, mwanangu," anasema mama mkwe.
Sishuki. Nikikaa chini, amekufa.
Sijamwambia nani aliomba maji.

Jumanne, 17 Februari
Bado kiti. Kilio hakiwezi kumalizika mjane asipokaa. Shangazi za Fidèle wanasema nina kiburi. Mashati yananukia sabuni, si yeye. Nachukia pasi. Najichukia mimi.

Jumapili, 22 Februari
Papa Ilunga amerudi, kupitia mpaka wa Mokambo. Ameleta chupa. Aliyachota maji mwenyewe, kwa ndoo na kamba, akiwa mbali na mawimbi. "Alisema ni yako. Sikuweza kurudi mikono mitupu."
Mchanga ulizunguka ndani, kisha ukatulia chini. Maji hayana rangi. Nilidhani ni ya buluu.
Nimemwambia mama mkwe kwamba niliyaomba mimi. Alisogea kidogo kwenye mkeka, akaniachia nafasi.
Nimevua viatu. Nimekaa chini.