Mwanamke wa Picha Namba Saba

Jumatatu, 12 Mei 2025

Macho bado yanawasha. Wachumaji wa majani chai wameandamana leo hadi ofisi za kaunti, kupeleka barua kuhusu mashine zinazochukua kazi yao. Walikuwa wamewaarifu polisi mapema, kama sheria inavyotaka. Bado wakazuiwa. Gesi! Watu huku na huku. Vijana wawili ambao hakuna aliyewajua wakachoma tairi. Mama mmoja hakukimbia. Alikaa chini katikati ya lami, bahasha ya ile barua ameiinua juu, polisi anamvuta sweta. Nilimpiga picha nne. Nimetuma kumi na moja kwa Ratemo, mhariri wa picha wa gazeti, Nairobi.

Jumanne, 13 Mei

Ratemo ametumia ile ya tairi. Moshi mweusi ukurasa mzima, na chini yake: vurugu za wachumaji. Watu elfu mbili walitembea kwa amani — gazeti limeona tairi moja! Hapa Kedowa, waliopeleka maziwa asubuhi wanasema waliokamatwa jana wafungwe tu. Baba naye, mwenye shamba lake mwenyewe la chai, anasema hao wamezoea fujo. Nikamwambia mimi nilikuwepo. Akanionyesha gazeti. Basi.

Nimempigia Ratemo. Anasema moto unaonekana kutoka mbali. Nikamwomba aangalie namba saba tena, ile ya mama na bahasha. Polepole.

Jumatano, 14 Mei

Namba saba imetoka! Simu haijanyamaza. Mawakili watatu wamejitolea. Waliokamatwa, wote kumi na wanne, wameachiliwa kabla ya saa sita. Bunge la kaunti sasa linasema barua itapokelewa. Barua ni ile ile. Juzi nani aliijali?

Baba alishika gazeti mpaka chai yake ikapoa.

"Huyu ni rika la mama yako, Rodah," akasema. "Wanamvutaje hivi?"

Nimefurahi, na nimekasirika pia. Jana hakuniamini mimi.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemtafuta yule mama. Anaitwa Syprose. Alikuja kutoka Homa Bay miaka ishirini na mbili iliyopita, anaishi kwenye laini, zile nyumba za kampuni ya chai. Nilimbebea picha yake, kubwa, ndani ya fremu. Ujinga wangu. Alinipa kiti, akaigeuza picha ielekee ukuta.

Supavaiza alimtambua kwa sweta. Jana alipewa barua ya kufutwa kazi, na nyumba airudishe Jumatatu. Wenzake elfu mbili hawana sura gazetini. Yeye anayo.

"Mwanangu, picha imesaidia watu wengi," akasema. "Hata mimi nimeona. Lakini hukuniuliza."

Nimerudi nyumbani na fremu kwapani.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani mchungaji amewaombea wachumaji, mara ya kwanza. Nusu ya ibada sikuisikia. Nilimwambia Ratemo habari ya nyumba ili atafute wakili. Wakili amepatikana, lakini Ratemo anataka picha pia. Godoro nje, mama analia, yuko peke yake — nchi nzima itasimama naye, anasema. Labda ni kweli. Hilo ndilo linalonisumbua.

Nimeweka betri kwenye kamera. Nimeitoa. Nimeirudisha.

Jumatatu, 19 Mei

Saa nne asubuhi. Naandika kwenye meza ya Syprose — meza iko nje, na mimi niko nje. Askari wa kampuni wametoa kitanda, kabati, sufuria. Wakili yuko kortini kutafuta amri ya kuwazuia. Hajapiga simu.

Nilifika kamera ikiwa ndani ya begi, nikamwuliza. Alifunga kitambaa kichwani upya, akakaa juu ya kitanda, mgongo wima.

"Utapiga," akasema. "Lakini si mimi peke yangu. Ngoja wenzangu."

Ametuma neno shambani. Wakija, sura zao pia zitajulikana, na wanajua hivyo. Askari wanasema tuharakishe. Ratemo amepiga mara tano, sijashika. Supavaiza amesimama pale njia inapotokea kwenye chai, daftari mkononi.

Mwenzake mmoja amefika. Ameketi kushoto kwa Syprose, hajafunika uso. Wengine wawili wanashuka katikati ya majani. Mmoja anakuja. Mwingine amesimama, anamtazama supavaiza.