Makofi Mawili ya Baba

Kwa kaka yangu Eilif,

Sisi hatujambo. Theluji imefunika banda la mashua, ila viazi vipo vya kutosha.

Tangu kile kiharusi, baba anajifunza kusema upya. Mwalimu wa matamshi humkatia vitenzi vipande vipande, kila kipande na kofi lake: spi-se, yaani kula; so-ve, yaani kulala. Mwanzoni mama alinuna. "Mzee mzima unampigisha makofi kama mtoto wa chekechea?" Siku hizi naye hupiga, mwiko ukiwa kwapani.

Jana mwalimu alimwambia, "Leo chagua neno lako mwenyewe, mzee." Baba akatazama kiti chako, akapiga kofi. "Ven," akasema. Akapiga la pili, sauti ikamkwama. Mama akamalizia, "Te." Vente, kungoja. Kisha mama akaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Maneno baba aliyokutamkia siku ile ulipopanda feri ukaondoka sijayasahau, wala sikuombi uyasahau. Lakini daktari hadhani baba atafika kiangazi.

Leo asubuhi feri ilipopiga honi, baba aligeukia dirisha akapiga makofi mawili. Hakuna aliyemwambia apige.

Dada yako,
Torbjørg