Karatasi ya Kusokotea Tumbaku

Mjukuu wangu Kabula,

Shikamoo yako imefika hapa Ushetu, marahaba. Shangazi yako kajifungua mapacha, wote wazima.

Unauliza ufanyeje ili watu wasome jarida unalowatumia kwenye simu. Nilipokuwa karani wa ushirika, nilichapa kijarida cha kilimo kila mwezi. Wakulima walikichana wakasokotea tumbaku. Nilinuna kweli. Mwezi mmoja nikaongeza mwishoni kwamba ng'ombe wa Mzee Masanja aliyepotea kapatikana, tena ana ndama.

Masanja akaja ofisini na nakala yake. "Binti, nipe karatasi nyingine ya kusokotea. Hii ina ng'ombe wangu." Akaikunja, akaiweka ndani ya kofia.

Basi waandike mapacha wetu kwenye jarida lako. Babu yako kofia ya kuweka simu anayo.

Bibi yako