Neno Lililompigisha Nuru Magoti

Gitega, Jumatano

Kaka yangu Hamissi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Muyinga, wewe na wifi, na vitenge vinatoka dukani. Huku mafua ya mwanao Nuru yamekwisha. Mimi ndiye mwenye kichefuchefu, na si cha tumbo.

Direkta wetu wa shule, Nazario, yule aliyekulia Tanzania, alirudi kutoka semina ya Bujumbura na habari ya namna watoto wanavyojifunza: eti mtoto si gunia la kujazwa, hujenga ujuzi mwenyewe, tena huupata upesi kwa mwenzake. Maneno mazuri, nayaamini. Basi akatukaririsha sisi walimu kwa sauti moja, "Mtoto si gunia!", na aliyekosea akarudia peke yake. Nilitamani kutema mate.

Jumatatu wakaja wageni. Nuru akaitwa ubaoni, akafanya hesabu za sehemu bila kubabaika. Direkta akamuuliza amezijulia wapi. Akamwonyesha mwenzake wa dawati, akajibu, "Mi nimeiga kwa Salima." Kaka, wewe na mimi tunajua kwiga kwa Kirundi ni kujifunza. Mtoto alisema yale yale ya semina! Nazario akasikia kunakili. Akamwita mwizi, akampigisha magoti mbele ya wageni. Nilimnong'oneza maana yake, akanijibu kwamba shuleni kwake husemwa Kiswahili fasaha tu. Unafiki mtupu.

Kisha akasoma hotuba yake. Mwishoni akawashukuru wageni kwa kufika Bujumbura. Bujumbura, nasi tumekaa Gitega! Alikuwa anasoma karatasi ya mtu wa semina, neno kwa neno.

Sasa nikuambie nililokuwa nalizunguka. Nilisimama nikamuuliza yeye ameiga kwa nani. Wageni wakacheka. Leo asubuhi nimefukuzwa kazi, na Nuru hatakiwi tena darasani.

Kazi siijutii. Kinachoniuma ni mtoto. Tangu siku ile ukimuuliza lolote, hata chumvi iko wapi, kwanza anasema, "Sikuangalia kwa mtu."

Jumamosi namleta nyumbani, inshallah. Nisalimie wifi, na mama umbusie mikono. Mwambie mama asimuulize Nuru habari za shule. Amkalishe tu kando yake anaposuka mikeka, amwache aige.

Ni mimi mdogo wako,
Zuena