Mlango Ambao Hukuufungua Usiku

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba utafute mahali ukae peke yako. Barua hii usimsomee mtu. Hata Mama Mdogo, nisamehe, asiione kwanza. Yeye akifurahi hawezi kufurahi kimya. Atatuma salamu kwa dada zake kwa basi la kwanza litakalotoka Babati, na Ngaramtoni nzima itakuwa imejua kabla ya jioni. Karatasi nitakazozitaja humu ni za ofisi, na nimezinakili bila ruhusa. Jumatatu asubuhi nitaziweka mimi mwenyewe mezani kwa Meneja. Habari ikimfikia kabla yangu, atasema sisi ndugu tumekaa tukatunga. Ukimaliza kusoma, ichome.

Nianze na jambo lenyewe, kwa sababu najua huna subira na barua ndefu. Hukuufungua mlango wa chumba cha baridi cha maua usiku. Wewe unalijua hilo tangu mwanzo. Sasa na mimi ninalijua, na ninao uthibitisho. Aliyekosea ni mimi.

Unakumbuka siku kompyuta ilipofika? Ilikuja na gari la mbolea, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa, na wewe ndiye uliyeibeba hadi kwenye kile kiofisi cha mbao nyuma ya kompresa. Niliweka ndani yake Linux, programu mama ya kuendeshea mashine, kwa sababu ndiyo niliyojifunza chuoni mjini, na kwa sababu ilikuwa ya bure. Wewe ulifunga swichi ndogo kwenye fremu ya mlango na kuvuta waya. Kila mlango ukifunguliwa, mashine ingeandika saa. Kazi ya fundi mmoja na karani mmoja; tuliimaliza asubuhi moja.

Iliyobaki ilikuwa saa. Kioo kilionyesha 06:20, na ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Nilijua tatizo: mashine ilikuwa haijaambiwa iko wapi, kwa hiyo ilikuwa inasoma saa ya Greenwich. Tangu darasa la jiografia tunafundishwa kwamba Tanzania iko mbele kwa saa tatu. Nikafungua faili la majira, nikaandika ukanda wetu wa saa, nikaweka alama ya kujumlisha, nikaandika tatu. Kioo kikageuka kikaonyesha 03:21.

Nikakuita. "Baba, saa ngapi hapo kwako?"

Ukakunja mkono wa lile koti zito la chumba cha baridi, ukaangalia saa yako. Ile unayoitega Kiswahili, mshale mfupi ukiwa kwenye tatu wakati kwenye saa za watu wengine wote uko kwenye tisa. Wapakiaji walikuwa hawachoki kukutania. "Mzee, saa yako imechelewa saa sita!" Na wewe hukuwa unachoka kuwajibu: "Yangu inasema tunavyosema. Za kwenu zinataka mkalimani."

"Tatu na ishirini na moja," ukasema. Kisha ukainama ukakiangalia kioo, ukapiga kofi. "Haa! Hata mashine imeacha uzungu!"

Tulicheka, Baba Mdogo. Nilifurahi sana siku ile. Mimi ninayerudi mara tatu kuangalia kama nimefunga mlango wa chumba changu kule Olasiti, sikurudi hata mara moja kuuangalia mstari ule.

Nakumbuka na mazungumzo yetu ya wakati wa chai, wewe ukiwa umekaa juu ya kreti, daftari lako gumu likiwa gotini. Kila ulichotengeneza ulikiandika humo: nini kimeharibika, kwa nini, nimebadilisha nini, na namna ya kurudisha kilivyokuwa. Uliniuliza, "Hii Linux yenu, nani anaitengeneza?"

"Watu wengi, Baba. Kila mmoja yuko kwao."

"Na mmoja akiharibu?"

"Mwingine anarekebisha. Halafu wanaandika: palikuwa na kosa hili, sababu yake hii, tumebadilisha hapa."

"Na jina?"

"Na jina la aliyerekebisha."

Ukanywa chai kwanza. "Basi hao ni mafundi," ukasema. "Ila wangeandika na jina la aliyeharibu, ndiyo wangekuwa mafundi kamili."

Sentensi hiyo imekaa na mimi miezi hii minne kuliko mahubiri yoyote.

Siku ya siku, unaijua. Wanunuzi wa nje walikuwa wanalalamika kwamba waridi zinafika zimelegea. Meneja mpya akataka kujua nani anaingia chumba cha baridi usiku. Akaniambia nitoe orodha ya mara zote mlango ulipofunguliwa kati ya saa sita usiku na alfajiri. Nikaandika amri, nikachuja usiku peke yake, karatasi zikatoka mbili. 02:10. 02:14. 01:55. Karibu kila siku. Akaniambia nisaini chini, nikasaini. Kisha akakuita, na mimi nikiwa nimesimama pale pembeni ya kabati la mafaili.

"Mzee, hii ni saa nane usiku. Ulikuwa unafanya nini humu?"

"Saa nane usiku mimi niko kitandani kwangu, bwana."

"Ufunguo uko kwa nani?"

"Kwangu."

"Kompyuta haina sababu ya kukusingizia. Unatoa maua, unauza kwenye mahoteli mjini."

Nilitegemea ungepandisha sauti. Ulinigeukia mimi. "Mwanangu, karatasi hii umeitoa wewe?"

"Ndiyo, Baba."

Ukaishika tena, ukaisogeza mbali kidogo na macho kama unavyosoma Biblia. Halafu ukasema, taratibu kabisa, "Kama umeitoa wewe, mimi sina la kuibishia. Lakini usiku sikuja." Ukaweka ufunguo mezani. Nadhani ungeitetea nafsi yako mbele ya Meneja hadi jua lizame. Mbele ya karatasi yangu uliondoka tu. Jumapili iliyofuata hukukaa kwenye benchi la wazee wa kanisa, na mwezi haukuisha mkahamia Babati.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki tatu zilizopita. Maua yameendelea kulegea ingawa wewe hupo na kufuli ni jipya. Meneja akafikiri labda ni mchana: mlango unafunguliwa mno wakati wa joto. Akaniandikia kwenye kikaratasi nitoe orodha ya kuanzia 12:00 hadi 18:00. Nikaitoa. Haikuwa na mstari hata mmoja. Si wa siku ile, si wa mwezi mzima. Na mimi kila siku, tangu wapakiaji waanze saa sita mchana, nasikia magurudumu ya mikokoteni ikiingia na kutoka!

Nikasema swichi imekufa. Nikavaa koti lako, bado linaning'inia kwenye msumari wake, nikaenda nikaufungua mlango mwenyewe, nikahesabu hadi kumi, nikaufunga, nikarudi. Mashine ilikuwa imeandika: 09:04. Nikaangalia nje, wapakiaji walikuwa wanamalizia kazi ya alasiri. Saa tisa na dakika nne. Sawasawa, nikasema, swichi nzima.

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka, Baba Mdogo. Kwa mara ya pili nilikuwa nakaribia kuridhika. Ndipo nikajiuliza: kama hii ni tisa ya alasiri, mashine ilipaswa kuandika kumi na tano. Kwa mashine, 09:04 ni asubuhi, saa tatu. Nikakaa chini sakafuni, na koti lako mwilini.

Nikafungua lile faili la majira na mwongozo wake. Kumbe ukiandika ukanda kwa namna ile, alama inageuzwa. Unaandika saa za kuongeza ili ufike Greenwich, si za kutoka Greenwich kuja kwako. Sisi tulio mashariki tunatakiwa kuandika kutoa tatu. Mimi niliweka kujumlisha, mashine ikatupeleka huko kwenye bahari kubwa ya magharibi, nyuma kwa saa sita kamili. Mahali pengine popote duniani mtu angeona kosa hilo kabla hajainuka kwenye kiti. Hapa kwetu saa sita ndiyo tofauti kati ya tunavyosema na mishale inavyoonyesha. Kosa lilikuja limevaa nguo zetu, na shahidi tuliyemwita alikuwa saa yako.

Nikachukua daftari lako juu ya kompresa. Hukulichukua siku ile, na mimi nilikuwa sijathubutu kuligusa. Niliweka kidole kwenye orodha niliyoisaini na kidole kwenye mwandiko wako. Orodha: 02:10. Wewe: "Saa mbili na dakika kumi asubuhi, nimefungua, nimeondoa barafu kwenye feni." Orodha: 02:14. Wewe: "Saa mbili na robo kasoro kidogo asubuhi, barafu tena." Orodha: 01:55. Wewe: "Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, nimefungua mapema, feni inalia." Kurasa mbili nzima zinakubaliana. Na chini ya ukurasa mmoja umeandika, na ukapigia mstari: "Mpira wa mlango umechoka, baridi inavuja, ndiyo maana barafu. Nimeomba mpya mara ya pili." Nimekwenda nikaupitishia mkono mpira huo. Upepo wa baridi unatoka hadi unausikia kwenye kifundo cha mkono. Huo ndio unaolegeza maua.

Nimeirekebisha alama. Kisha nikaona kwamba kurekebisha hakutoshi, kwa hiyo nimebadilisha programu ya mlango iandike kwenye kila mstari, pembeni ya saa, umbali wake kutoka Greenwich, ili hata mgeni akisoma ajue saa hiyo ni ya nani. Nimezima umeme na kuwasha mara nne kuona kama itasahau. Haisahau. Nimejaribu asubuhi, adhuhuri na jioni, nikilinganisha na redio. Mistari ya zamani sikuigusa, isije ikasemwa nimeipika. Nimeandika tu karatasi ya kuieleza, kwa mpangilio wa daftari lako: nini, kwa nini, nimebadilisha nini, namna ya kurudisha. Na mwishoni nimeongeza ulichosema kinakosekana. Aliyeharibu: mimi, karani. Jina langu kamili.

Jambo jingine dogo, lakini lilinipa nguvu. Ule mwongozo ulieleza kugeuzwa kwa alama kwa maneno mafupi mno, chini kabisa. Nilikwenda duka la intaneti mjini, nikawaandikia wanaoutunza sentensi mbili na mfano mmoja wa nchi ya mashariki, waviweke juu, mtu avione kabla hajaandika. Nilizisahihisha mara tisa kabla ya kutuma, unanijua. Kesho yake alinijibu mtu nisiyemjua, mstari mmoja: ahsante, nimeiingiza. Na kwenye orodha yao ya marekebisho, katikati ya makosa ya watu wengine, liko jina letu la ukoo.

Kwa hiyo Jumatatu nitaingia kwa Meneja na vitu vitatu: orodha niliyoisaini, daftari lako, na karatasi ya marekebisho. Nitamwomba atoke na mimi hadi mlangoni, aufungue kwa mkono wake, aangalie saa yake, halafu asome ilivyokuwa inaandikwa na inavyoandikwa sasa. Nimefanya mazoezi ya kusema. Siwezi kukuficha, huenda nikatoka pale bila kazi. Lakini hakuna kipande cha jambo hili nisichokijua. Nikifukuzwa, nitafukuzwa kwa kosa langu. Wewe ulifukuzwa kwa kosa langu pia, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Sikuombi ruhusa, kwa sababu ukinikataza nitakwenda tu. Naomba unisamehe kwa ile "Ndiyo, Baba". Ilikuwa kweli na ilikuwa uongo, na wewe uliiamini kuliko ulivyojiamini mwenyewe. Na naomba kusikia sauti yako kabla sijaingia.

Usipige simu ofisini; mpokea simu husikiliza hadi mwisho. Usijibu kwa barua, haitawahi. Piga Jumapili kwenye kile kibanda cha simu cha Ngaramtoni ulikokuwa unaagizia gesi ya mitambo; namba unayo. Mwenye kibanda akiuliza nani, sema fundi, atanipa bila maswali. Nitasali ibada ya kwanza, na kutoka hapo nitakuja kusimama kibandani. Nitakuwa pale saa nne asubuhi.

Saa nne ya mkononi mwako.

Ni mimi, mwanao kwa kaka yako,
karani wako.