Shuka Kuukuu la Mama

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe, wifi na watoto. Goti lako je? Wifi kaniambia ngazi unazipanda kwa kujivuta, halafu ukiulizwa unasema uko fiti! Mimi ni mzima kiasi. Hicho “kiasi” nitakieleza, usirukie mwisho kama kawaida yako.

Juzi nilikuwa natia mafuta cherehani ya Mama. Ndani ya droo nikakuta kipande cha lile shuka la buluu. Unakumbuka alivyokataa kutia mkasi kwenye kitambaa cha mteja kabla hajalikata na kulishona gauni kwanza kwa shuka kuukuu? Kama kwapa linabana, libane huko. Mteja akaondoka na nguo iliyomkaa, sisi tukavaa makosa. Lile shati lako la mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi, shule nzima ikakuita Nusu Shati! Ulilia, Mama akacheka mpaka akakaa chini. Jamani, kile kicheko nakitamani mpaka leo.

Alipougua saratani ya titi, daktari alituita kutueleza juu ya utafiti wa dawa mpya. Ulisema Mama si panya wa maabara, ukabamiza mlango. Mama akakuahidi hatashiriki, ukarudi kazini roho imetulia.

Kaka, alishiriki. Alisaini wiki iliyofuata, na shahidi nilikuwa mimi. Daktari alimwambia wazi kwamba dawa huenda isimfae, na kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Mama akavua miwani, akamjibu kwamba amekata mashuka makuukuu maisha yake yote, basi safari hii shuka atakuwa yeye. Zile Jumanne nilizokuambia tumekwenda kununua vifungo, tulikuwa kliniki. Wala hukuuliza vifungo vyote hivyo vilienda wapi. Aliishi mwaka na nusu. Kama ni kwa dawa ile, sijui, na madaktari nao hawakunidanganya kwamba wanajua. Nilikudanganya mimi, na imeniuma miaka yote hii. Nisamehe.

Sasa kile “kiasi”. Mwezi wa tatu nilikuta uvimbe kwenye titi langu. Sikufichi, nililia sana. Daktari akaniandikia dawa, nikalisoma jina lake mara mbili. Ndiyo ile ile. Siku hizi wanapewa wagonjwa wote wa aina yetu, tena kwa dozi ndogo, maana ile ya mwanzo iliwatesa mno Mama na wenzake. Uvimbe umesinyaa. Lile gauni la mteja nimelivaa mimi, Kaka.

Nami nimeombwa kuingia kwenye utafiti mwingine, wa kuona kama dawa inaweza kutumiwa kwa muda mfupi zaidi. Nimekubali, ila kujificha sitaki tena. Nasaini Jumanne ijayo, na shahidi nataka uwe wewe. Kasirika njiani, ukifika uwe umemaliza. Kurasa ni kumi na mbili, usisahau miwani.

Nisalimie wote nyumbani, mpaka paka.

Ni mimi mdogo wako, yule wa sketi yenye mifuko miwili upande mmoja.