Siku Bibi Alipozikwa Nilikuwa Uwanjani

Kijiji cha Mkunya,
Newala.
9 Novemba 2025

Mpendwa Mjomba Bartholomayo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Glory, na kwamba mguu wako umepungua uvimbe. Huku tunaendelea. Mama anakula kidogo. Korosho zinaanguka na hatuna nguvu ya kuokota shamba lote, tunaokota za karibu na nyumba tu.

Nimeandika kwa sababu nimekupigia simu mara nne hukupokea. Mwalimu Dickson anakuja Mwanza kwenye mafunzo, atakukabidhi mkononi.

Mjomba, najua ni wewe uliyesema nisiambiwe. Mama alinipokea stendi ya Masasi amefunga kitambaa cheusi kichwani, akasema ni jua. Akaninunulia wali na maharage, akakaa kunitazama mpaka nikamaliza. Ndipo aliposema, "Bibi yako tumeshamzika, leo siku ya nane. Mjomba wako alisema umalize kwanza mashindano."

Watu wa hapa wameniona na jezi ya taifa na bado wananiuliza kabadi ni kitu gani. Bibi peke yake aliielewa mara moja. Nilimweleza kwamba mchezaji mmoja huingia upande wa wapinzani akitamka kabadi, kabadi, kwa pumzi moja, akagusa mtu na kukimbia kurudi kwao. Pumzi ikimkatikia kule, ametoka. Kesho yake asubuhi nilimkuta amejifunga kanga kiunoni, anatoka mlango wa jikoni, kabadi kabadi kabadi, anaelekea kwenye mkorosho, kuku wanatawanyika. Pumzi ilimwishia kwenye kinu. Akakikumbatia, anakohoa na kucheka, akasema, "Wamenikamata."

Nairobi tulicheza mechi nne tukashinda moja, Jumamosi tarehe 11 Oktoba, saa nane mchana. Niliwagusa wawili nikarudi. Nilipigwa picha mikono juu, meno yote nje, nikaituma kwenye kundi la familia. Nilishangaa hakuna aliyejibu. Mama anasema simu zililia mifukoni wakati mnateremsha jeneza. Wewe ndiye uliyeifungua, ukaitazama, ukairudisha mfukoni.

Nilikukasirikia, sitakuficha. Bibi aliuliza mara mbili kama nimefika. Na kwetu mjukuu ndiye mtani wa marehemu, ndiye anayevaa nguo zake na kumwigiza msibani ili watu wapate kucheka. Aliniambia mwenyewe, "Siku yangu usiniletee machozi. Waliaji watakuwepo wengi." Nasikia binamu Agatha alijaribu. Alivaa ile kanga, akasimama katikati ya uwanja, akashindwa, akakaa chini na kulia. Bibi akazikwa kimya.

Lakini nimejiuliza, kama mngeniambia, ningerudi? Nafasi ile niliitafuta miaka mitatu. Nataka kusema ningerudi, na kila nikitaka kusema nasita. Hilo linaniuma kuliko kufichwa. Nadhani uliliona kabla yangu, ukaamua kulibeba wewe. Sasa hupokei simu, kana kwamba ni wewe ambaye hukuwepo.

Arobaini tutaisoma Jumamosi tarehe 22. Padri ameshakubali. Baada ya chakula nitavaa kanga ya Bibi nimwigize, kwa kuchelewa. Agatha hakumwona Bibi siku ile ya kinu, na Mama alikuwa kisimani. Tuliomwona ni mimi na wewe, ulikuwa likizo, umekaa pale barazani na chai. Nisipokuona, nitashindwa kama Agatha.

Njoo, Mjomba. Nitaanzia mlango wa jikoni. Ukiniona nimefika kwenye kinu, ucheke wewe kwanza.

Mama anakusalimu, Agatha pia. Mpe Mama Glory shikamoo yangu, na umbusu Glory. Mungu aliyempokea Bibi akulinde njiani.

Wako akupendaye, na hasira zimekwisha,
Yuliana